Slabu Iliyoiva

Jumapili hiyo, ndani ya Pijo, gari la abiria la kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, mzee Njoka alimsimulia mama aliyeketi kando yake jinsi duka lake la Naro Moru lilivyoungua. "Lakini slabu, ile zege ya ghorofani, haikuanguka," alisema, kama aliyeishika kwa mikono yake. "Ati injinia anataka nibomoe! Tofali si huchomwa ndio ikuwe ngumu? Slabu yangu sasa imeiva."

"Tofali haina chuma ndani, mzee," mama akamjibu. "Chuma ikishapata moto inalegea. Umeigonga?"

"Nimegonga. Inalia kama ngoma." Kwake hiyo ilikuwa sifa, si dalili ya zege iliyoachana ndani. "Nikapiga plasta na rangi, na duka nikafungua."

"Na huko juu umepangisha nani?"

"Kanisa. Kwaya yao inaruka mpaka vumbi inaangukia wateja wangu chini."

Mama akamgeukia. "Vumbi inatoka wapi, na umepiga plasta?"

Pijo ikasimama Naro Moru. Mzee akashuka, akavuka barabara hadi kwenye duka lake. Huko juu kwaya ilikuwa imeanza. Alifika mlangoni, akainua macho kutazama dari, na hakuingia.