Mkono Aliomwekea Yugu

Tarehe 30 Juni 1996 Mzee Constantino Adriko anatuachia funguo za karakana ya misheni hapa Arua. Aliingia kazini Januari 1979. Hiyo ni miaka kumi na saba na nusu, tukihesabu na ile ya ukimbizini. Wapo walioona ile isihesabiwe. Sisi tunaihesabu, maana hata huko Zaire alikuwa anatutengenezea vitanda na milango, na hakuna aliyemwambia apumzike kwa vile ni mkimbizi.

Mzee Adriko ni mtu wa Dadamu. Alikuja na msumeno wake mwenyewe, akakuta karakana ina meza moja na mashine ya kukereza ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa Bruda Pietro. Baada ya muda Bruda alikuwa anamuuliza yeye. Kiti unachokalia sasa hivi ukisoma programu hii kimepita mikononi mwake. Kama kinacheza, kosa ni la sakafu. Ndivyo anavyojibu siku zote, na mpaka leo hatujapata wa kumbishia.

Lakini ukimtaja Adriko kwa watu wa Koboko, hawatakuambia habari ya viti. Watakuambia habari ya boche. Kwa wageni walio hapa: huu ni mchezo wa mabruda wa Kiitaliano. Unarusha kwanza mpira mdogo wa mti, sisi tunauita mtoto. Halafu kila upande unavingirisha mipira mikubwa, nayo tunaiita mama, na mama aliyekaa karibu zaidi na mtoto ndiye mshindi. Kila Mei mosi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, wafanyakazi wa Arua na wa Koboko hucheza. Arua iliongozwa na Mzee Adriko. Koboko iliongozwa na Yugu, fundi mwashi wa misheni kule, Mwislamu, mtoto wa askari, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

Adriko alikuwa na namna yake. Alishika mpira kiganja kikitazama chini, akaupiga kwa kifundo cha mkono, ukaenda mbio na kusimama pale pale kama umefungwa breki. Yugu hakuwa na ufundi huo. Yeye alikuwa na maneno. Kabla hajacheza alipapasa kila mpira kutafuta kasoro, akapapasa hata ubao wa uwanja, na akiipata kasoro aliitangaza hadi barabarani. "Adriko! Hii mupira yako iko na ndevu! Iko nataka kinyozi!" Mzee alikuwa anapeleka mpira ukapigwe msasa tena, watu wote wakisubiri.

Vita vilipokuja walikimbilia Zaire pamoja, familia mbili kwenye njia moja. Ukimbizini Adriko alichonga mipira kwa panga, ikatoka na pembe kama viazi, na Mei mosi wakacheza. Yugu alipapasa hata hiyo.

Tuliporudi nyumbani kazi ilikuwa nyingi, kwa sababu hakuna nyumba iliyobaki na mlango. Halafu miaka ya tisini ikaleta kazi nyingine ambayo hakuna fundi anayeiomba. Mnajua ugonjwa ninaousema. Karakana ikawa ya majeneza. Watu walikuja asubuhi, hawakai, wanasimama tu pale mlangoni, na yeye anaacha anachokifanya anachukua randa. Baba wa mtoto wangu alitoka katika mlango ule, ndani ya mbao zilizopigwa randa mpaka ndani ambako hakuna anayeona. Sikuwahi kumshukuru vizuri. Nashukuru hapa.

Randa ndiyo iliyomaliza kifundo cha mkono wake wa kulia. Kwanza alikuwa anakikunja na kukunjua akidhani ni baridi. Baadaye akashindwa kufungua kopo. Daktari alimwambia aache kazi, akasema sawa, akarudi karakana. Pale uwanjani ndipo hakuweza kuficha. Ile breki yake ilimponyoka, mpira ukaenda mpaka kwenye mihogo ya masista.

Wengine wangeacha mchezo. Yeye alianza kuutengeneza upya, kama mtu anayetengeneza meza iliyopinda. Alikata vipande viwili vyembamba vya mti akavifunga juu na chini ya kifundo kwa tyubu ya baiskeli, kisije kikapinda. Aligeuza kiganja kitazame juu. Aliacha kurusha kwa mkono, akawa anarusha kwa bega na goti. Mkono unaning'inia tu, unakwenda nyuma, unarudi mbele, mpira unatoka chini kabisa karibu na majani, kama mtu anayemwaga maji ya beseni asitake kulowesha miguu yake. Na mpira wenyewe akaukereza mdogo, wa mti mwepesi, hakuupaka vanishi ili usikimbie.

Alipokuja nao Mei mosi niliogopa, kwa sababu sheria inasema mipira yote iwe sawa. Yugu aliushika. Akapapasa. Akaupima kwenye kiganja. "Hii si boche, Adriko. Hii iko chungwa!" Watu wa Koboko wakacheka. Halafu Yugu akawageukia watu wake, hacheki tena. "Basi tunacheza machungwa. Nani iko na shida?" Hakuna aliyekuwa na shida. Mzee akakereza mipira yote upya, ya Arua na ya Koboko, na tangu hapo timu mbili nzima zikacheza kwa kipimo cha kifundo kimoja kinachouma.

Mimi nilifaidika pia. Mwaka jana nilipojifungua, shuka za hospitali na mtoto viliniharibia mikono yote miwili. Kumnyanyua mwanangu Paska nilikuwa natoa machozi. Mzee aliniona, akaja mpaka chumba cha kufulia ninakofanya kazi. "Mama Paska, usimunyakue hivyo kama kuku. Geuza mukono. Kiganja juu. Ingiza chini yake, beba na bega." Nilifanya. Ninafanya mpaka leo.

Mwaka huu mambo yakawa magumu. Mwezi wa pili daktari alimwambia waziwazi kwamba kifundo kimebakiwa na kazi kidogo sana. Akikipumzisha, anaweza kukitumia kwa kitu kidogo. Akikilazimisha, basi. Mzee akaamua. Aliweka mkono ndani ya kitambaa shingoni, randa akamwachia Kenyi, fundi wetu kijana, na akatuambia sote tusimpe kitu chochote kizito, anauweka mkono kwa ajili ya Yugu. Alitaka Mei mosi moja ya mwisho. Tulimwona akishika kijiko kwa kushoto, akifunga viatu kwa kushoto, anauweka tu.

Katikati ya Aprili, asubuhi, dereva wa pikapu alileta habari kwamba Yugu amefariki usiku ule kule Koboko, moyo. Atazikwa baada ya sala ya alasiri.

Mzee alisimama mlangoni mwa karakana, pale wanaposimama wengine. Kwa kila mtu alikuwa na kitu cha kutengeneza. Kwa Yugu hakuna. Waislamu hawazikwi na jeneza, maiti inavikwa sanda, inalazwa kaburini, na juu yake vinapangwa vijiti au mbao kabla ya udongo. Kule Koboko huwa wanakata miti porini. Mzee akasema, "Yugu hafunikwi na kuni." Akautoa mkono kwenye kitambaa.

Kenyi alipasua mbao. Alitaka kupiga na randa pia, akakatazwa. Mzee alifunga vipande vyake na tyubu, kiganja juu, akasukuma kwa bega na goti, vile vile kama uwanjani. Upande mmoja ulipolainika Kenyi akamwambia inatosha, Baba, upande wa pili ni wa kutazama chini, hakuna mtu ataona. Mzee hakusimama. "Unafikiri Yugu hatapapasa?"

Akapiga pande zote mbili, mbao zote. Alipomaliza vidole havikuachia randa. Mimi ndiye niliyefungua ile tyubu, Paska akiwa mgongoni, kidole kimoja kimoja, na mzee akitazama pembeni. Mbao zilifika Koboko kabla ya alasiri. Mkono haukurudi tena. Mpango ulikuwa astaafu Desemba, mkono ukamchagulia Juni.

Mei mosi tulicheza. Koboko walikuja na Asumani, mdogo wake Yugu, mbele yao. Tulimpa Mzee arushe mtoto, ndio mwepesi kuliko yote, akaurusha kwa kushoto. Ulianguka mbele ya viatu vyake. Hakuna aliyejua pa kutazama. Halafu Asumani akapaza sauti, ile ile ya kuita ng'ombe: "Adriko! Umecheza ama umeangusha chungwa?" Mzee alicheka mpaka akainama, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mama wote wa Arua na wa Koboko wakavingirika kuja kukaa miguuni pake. Mpaka sasa hatujakubaliana nani alishinda.

Mzee Constantino Adriko, karakana inakushukuru, jikoni wanakushukuru, sisi wa kufua tunakushukuru. Wapo wengi wasioweza kusimama leo kukushukuru, nao umewalaza vizuri. Nenda Dadamu ukae. Wakija mlangoni kwako asubuhi, waelekeze kwa Kenyi. Tukisikia umegusa randa tutakuja kuichukua, na hatutanii. Siku ziwe nyepesi kwako, na nyumba iwe na watu. Wajukuu utakaopewa kuwashika, usiogope, wapokee kwa bega, kiganja juu, kama ulivyotufundisha.

Viktoria Candiru, chumba cha kufulia, kwa niaba ya wafanyakazi wote