Simba wa Kina Ackroyd

Ndani ya basi la Halifax, bwana mmoja mbele yangu alipakata ngao ya ukoo aliyoinunua gulioni, yenye simba wawili waliokonda.

"Sisi kina Ackroyd ni ukoo wa malodi, makabaila wa zamani," alimwambia bibi aliyeketi naye. "Kesho fundi anaichonga kwenye kaburi la baba."

"Mwanangu, jina Ackroyd maana yake ni pale miti ya mialoni ilipofyekwa. Hao walikuwa watu wa shoka."

"Umejuaje?"

"Nami nimezaliwa kina Ackroyd. Baba yako alifanya kazi gani?"

"Seremala, miaka arobaini."

"Na huyo simba, baba yako alimshika lini?"

Nilificha kicheko nyuma ya gazeti, kama abiria wote.

Bwana akaigeuza ngao kifudifudi. "Na shoka, bibi, linachongeka?"

Basi likasimama. Bibi alikuwa keshafika mlangoni.