Kituo cha Nne: Akina Mama Wanaoanza Kusoma

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye tope la shavuni linatuthibitishia kwamba umefika kwa njia iliyopangwa;
Bwana mwenye kampuni ya matembezi;
Bwana Mkaguzi wa Kisomo cha Watu Wazima;
Kiongozi wa msafara, ambaye sote twamwita Kapteni;
Mwalimu wetu mvumilivu;
Nanyi wageni wote mliopakata kofia ngumu:

UKARIBISHO

Sisi wanakisomo wa Banda la Kakao tunakukaribisha, Mgeni rasmi, na tunakupa pole ya safari. Tumearifiwa kwamba umetoka lango la shamba ukiwa juu ya pikipiki ya magurudumu manne, ukavuka kijito, ukapenya katikati ya migomba na mikakao, ukarushwa mabondeni na kupandishwa vilimani, na kwamba ulipiga mayowe ya furaha mara kwa mara. Njia hiyo sisi huipita kila alfajiri kwa miguu, na mzigo kichwani, lakini bila mayowe. Yawezekana kosa ni letu. Mja hafurahii njia asiyoilipia.

Ratiba uliyopewa inasema kwamba hapa, kituo cha nne, utawaona akina mama wakisoma irabu. Tunakuomba radhi, kwani kabla ya irabu kuna risala. Tutapokezana kuisoma, mmoja akimaliza sehemu yake ampe mwenzake karatasi, kwa sababu vumbi la msafara limetukaa kooni na hatudhani yupo kati yetu awezaye kuifikisha mwisho peke yake. Sauti ikibadilika, usishtuke.

HISTORIA FUPI YA DARASA

Banda hili lilijengwa kwa ajili ya kukaushia kakao. Mashine mpya zilipoletwa, banda likaachiwa popo, nasi tukaliomba. Popo walikubali mapema kuliko uongozi.

Wengi wetu ni vibarua wa shamba hili. Wapo wanaovuna, wapo wanaopasua maganda ya kakao, na wapo wa kitaluni wanaolea miche. Mmoja wa hao wa kitaluni tunamwita Mama Swali, kwa kuwa hajapata kupewa jibu asiulize limetoka wapi. Amejaza udongo kwenye viriba vya miche tangu binti yake alipokuwa mgongoni, na sasa binti huyo naye ana wa kwake mgongoni. Msimamizi wa kitalu alipotangaza kwamba anakaribia kustaafu, Mama Swali alikwenda ofisini kuomba nafasi ile.

"Kazi unaijua, mama," aliambiwa, "lakini msimamizi ni lazima awe na cheti cha kisomo, hatua ya pili."

"Hiyo hatua iko wapi," akauliza, "niikanyage?"

Wakamwelekeza hapa. Akaja na kigoda chake, akakiweka mbele kabisa, na hajakisogeza mpaka leo.

Sasa, Mgeni rasmi, huenda unajiuliza darasa hili liliingiaje katika orodha ya vivutio, baada ya maporomoko ya maji na kabla ya kilima cha kutazamia machweo. Tuliingia kwa adabu zetu wenyewe.

Siku msafara ulipopita hapa kwa mara ya kwanza, ni kweli tulikuwa kwenye irabu. Tukasikia ngurumo, kisha tukaona watu wamesimama mlangoni. Vichwani wana makofia, machoni wana miwani mikubwa, mikononi wana glavu, na hakuna hata mmoja anayetabasamu, kwani midomo ilikuwa imejaa vumbi. Bibi aliye mkubwa kuliko sisi sote akanong'ona, "Simameni, enyi wasiolelewa! Wakaguzi hao!"

Hatukuwa tumepata kumwona mkaguzi, hivyo hatukuwa na sababu ya kumbishia. Tena tuliona ni haki, mtu aliyejifunika kiasi kile lazima awe na madaraka. Tukasimama wima, tukasoma kwa sauti moja: a, e, i, o, u. Wakapiga makofi. Wakapiga picha. Mwanamke mmoja miongoni mwao akatokwa na machozi. Walipoondoka tulikumbatiana, tukaambiana kwamba tumefaulu.

Na kufaulu tulifaulu. Kesho yake Kapteni alikuja peke yake, akavua kofia na kusema, "Mama zangu, mlichokifanya jana, mkifanye kila siku. Vilevile. Msibadili hata kitu."

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi na tungependa yaandikwe.

La kwanza, kwa upande wa irabu hatuna mpinzani. Tumezisoma jua likiwaka na mvua ikinyesha, asubuhi kwa msafara wa kwanza na alasiri kwa msafara wa pili. Tunazisoma kwa mshangao, kama Kapteni alivyotufundisha, yaani macho yanafunguka kwenye "o" kana kwamba ndiyo tunaiona leo. Bibi yetu mkubwa hata huisahau "i" kwa makusudi, kisha akaikumbuka, na wageni humshangilia sana. Yeye anasema angezaliwa mjini angekuwa mbali.

La pili, tumekuwa wepesi. Ukweli ni kwamba irabu tulizimaliza zamani, tukaingia silabi, tukatoka, tukafika kwenye sentensi na habari nzima. Tunasoma maelekezo ya dawa za kunyunyizia miche, tunasoma barua za watoto wetu waliosafiri. Kwa hiyo ngurumo ikisikika kule kwenye migomba, mwalimu hufuta ubao na kuandika zile herufi tano, nasi tunachukua vitabu vya hatua ya pili na kuvikalia. Msafara ukiisha kupita tunainuka, tunavipangusa, tunatafuta tulipokuwa tumefika. Kwa bahati mbaya vitabu vilivyokaliwa mara kwa mara havikumbuki vilikuwa vimefunguliwa wapi.

La tatu, tumechangia matope. Wakati wa kiangazi njia hukauka, na mgeni akirudi msafi hujihisi amedhulumiwa. Kapteni akaja kitaluni na kuomba mpira wa maji ili ajaze dimbwi lililo nyuma ya banda.

"Na miche inywe nini?" akauliza Mama Swali.

"Miche haitoi maoni kwenye mtandao, mama."

Maji yakaenda dimbwini. Mgeni rasmi, hilo tope lililo shavuni mwako ni maji ya kitalu. Limekupendeza.

La nne ni kwamba tulijaribu kujieleza. Mama Swali alimwendea Kapteni, akamwambia kwa upole wa mzazi, "Mwanangu, irabu tumemaliza. Siku moja tusomee wageni habari kamili. Watafurahi zaidi."

Kapteni akamshika bega. "Mama yangu, usiniangushe. Watu wanaosoma habari kamili wamewaacha kwao. Huku wamelipa kuona mnaanza."

"Na tukimaliza?"

"Mkimaliza, nitawaonyesha nini?"

 Mama Swali alirudi kitaluni akajaza viriba mpaka jua likazama.

CHANGAMOTO

Tumeambiwa risala njema haikosi changamoto, hivyo tumetafuta, na tumepata moja.

Mwezi uliopita mkaguzi alikuja. Mkaguzi wa kweli, Mgeni rasmi, huyu aliyeketi nyuma yako. Hakuwa na kofia wala miwani, alikuwa na kalamu tu mfukoni, na kwa sababu hiyo baadhi yetu hatukumtambua. Alikuja kuamua kama darasa lifanye mtihani wa hatua ya pili au lisubiri mwaka mwingine.

Mama Swali ndiye aliyechaguliwa kumsomea. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amejisomea kwa taa mpaka mjukuu wake mkubwa, aliye shule ya msingi, akamwambia, "Bibi, lala, usije ukamsinzilia." Alikuwa na ukurasa mmoja tu wa kusoma, unaohusu namna ya kuhamisha mche bila kukata mzizi. Maneno yake alikuwa ameyaishi kabla ya kuyasoma. Aliposimama, sentensi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Akamwona mkaguzi akiinua uso kutoka kwenye karatasi zake, akajisemea moyoni, haya, nafasi ile ni yangu.

Ndipo ngurumo ikasikika kule kwenye migomba.

Mama Swali anasema alijiambia aendelee. Anasema alishikilia ukurasa kwa mikono miwili. Lakini Kapteni alitokeza mlangoni na kuinua mkono, kama anavyouinua kila siku, na darasa zima likasimama kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Mwalimu akafuta ubao kabla hajajua anafuta nini. Vitabu vikakaliwa. Na Mama Swali, aliyekuwa katikati ya sentensi ya tatu, akasikia "aaa" moja nzuri, ndefu, yenye mshangao. Akageuka kumtafuta mjinga aliyeitoa. Ilikuwa imetoka kinywani mwake.

Bibi yetu mkubwa akaisahau "i". Wageni wakashangilia.

Bwana Mkaguzi asilaumiwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Yeye alikuja, sisi tukaugua. Isitoshe, Kapteni kwa ukarimu wake alimvika kofia na kumpakia nyuma ya pikipiki, bure, mpaka kilimani. Alirudi ametapakaa tope, anacheka kama bwana harusi, na taarifa aliiandikia hukohuko juu. Tulisomewa baadaye. Inasema: "Wanafunzi wana furaha kubwa. Bado wako kwenye irabu. Wasubiri."

Jioni ile mjukuu alimpokea Mama Swali mlangoni. "Bibi, nimewasikia kutoka barabarani. Mbona bado mko kwa a, e? Mimi nilizimaliza zamani."

"Mimi pia," akajibu.

"Sasa mbona unazisoma?"

Mama Swali aliye mama wa maswali alimtazama mjukuu wake, akaona kwamba jina lake limepata mrithi.

Msimamizi wa kitalu anaondoka mwisho wa mwezi huu. Mtihani ni wiki ijayo. Nafasi haitasubiri mwaka mwingine, hata kama sisi tumeambiwa tusubiri.

MAOMBI

Maombi yetu ni mepesi kuliko kuvuka kijito kwa magurudumu manne.

Tunaomba msafara uzungukie upande wa pili wa kilima, ambako kuna mandhari nzuri na hakuna anayejaribu kusoma. Ikishindikana, basi wageni waje, wakae kwenye vigoda, wasikilize tulipofika. Tunaahidi kwamba watatokwa na machozi vilevile, hasa ukurasa wa mbolea.

Tunaomba maji ya kitalu yarudi kitaluni. Kampuni ikikosa matope, tunaamini inaweza kuyanunua. Ni watu wenye uwezo.

Na tunamwomba Bwana Mkaguzi, mbele yako Mgeni rasmi, aturuhusu tuufanye mtihani wa wiki ijayo. Tunajua atauliza, kwa ushahidi gani?

HITIMISHO

Mgeni rasmi, mwanzoni tulikuambia kwamba tunapokezana kwa sababu ya vumbi. Vumbi lipo, hatukukudanganya. Lakini hata pasingekuwa na vumbi tungepokezana.

Aliyekukaribisha ni mpasuaji wa maganda ya kakao. Historia umesomewa na yule bibi yetu mkubwa, na hakusahau hata herufi moja. Mafanikio yamesomwa na mama wawili wavunaji, ambao walifika hapa hawajui kushika kalamu. Changamoto imesomwa na mpishi wa vibarua. Maombi yamesomwa na mama mkwe wa mwalimu, ambaye ndiye aliyeogopa kuliko wote. Na sauti hii unayoisikia sasa ni ya mwenye kigoda cha mbele, Mama Swali wa kitaluni. Anasoma polepole, lakini anasoma.

Bwana Mkaguzi, iwapo unadhani tumekariri kama tulivyokariri irabu, una haki ya kudhani. Tafadhali toa karatasi yoyote iliyo mfukoni mwako, hata hiyo taarifa ya kule kilimani, umpe yeyote kati yetu unayemtaka. Kofia yako tumemwomba mwalimu akuhifadhie mpaka umalize.

Tunamwona Kapteni pale nyuma. Pikipiki zimeshawashwa, na mkono wake umeshainuka. Umekaa juu muda mrefu sasa, mwanetu, ushushe, utachoka. Leo hatusimami. Vitabu viko mapajani, vimefunguliwa, na kila mmoja anajua alipofikia.

Na kama yupo mgeni atakayesikitika kuondoka hapa bila kusikia irabu, asisikitike. Zimo zote humu ndani ya risala. Tumezisambaza tu.

Mungu akulinde njiani, Mgeni rasmi, akupe breki zinazoshika na masikio yaliyobaki wazi baada ya ngurumo. Awabariki wenye njia na wenye kuipita. Atubariki na sisi, tuvuke hatua tunayostahili kuvuka.

Ni sisi,
Wanakisomo wa Banda la Kakao,
hatua ya pili.