Kapteni Placide na Marobota Kumi na Mawili ya Mablanketi

Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba 2025, Kapteni Placide Muhindo anastaafu baada ya kuitumikia Kipepeo Cargo kwa miaka ishirini na saba. Ana umri wa miaka sitini na mitatu, ameruka zaidi ya saa elfu kumi na nne, na hajawahi kumjeruhi mtu hata mmoja.

Mhariri wa jarida letu aliniomba ukurasa mmoja wa furaha, kwa kuwa mimi ndiye karani wa mizigo niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote. Nitajitahidi. Lakini humu kazini wapo watu, hasa waliokuja karibuni, wanaomjua kama rubani aliyewahi kuondoka na ndege iliyozidi uzito bila kupima. Faili lake linasema hivyo. Si kweli, na ninayejua kwamba si kweli ni mimi. Kwa hiyo furaha itakuwepo, ila itabidi isubiri zamu yake.

Kapteni alifika Johannesburg kutoka Butembo mwaka 1997 akiwa na leseni ya urubani ambayo hapa haikukubaliwa. Mwaka uliofuata akaajiriwa kwetu kuosha ndege. Alizisugua kwa miaka mitatu huku akisoma upya mitihani yote kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati huo, kwa maneno yake mwenyewe, alijua kusema “sharp” tu, yaani “poa” ya hapa. Mkewe, Mama Jeannine, alikuwa akimwuliza maswali ya mtihani huku anashona nguo za wateja pale Yeoville. Mwaka 2001 akapewa usukani, na aliyekuwa akiosha ndege akaanza kulalamika kwamba ndege hazioshwi vizuri.

Jina lake la utani ni Papa Woga, na yeye mwenyewe hulitumia kwenye simu. Kweli ni mwoga. Pale kwenye maduka makubwa ya Fordsburg hapandi ngazi za umeme. Anazunguka mpaka apate za kawaida, mifuko ya Mama Jeannine mkononi, na watoto wanamcheka. Mtu huyohuyo ndiye tunayemtuma milimani, mpakani na Lesotho, mwezi wa tisa theluji inapoyeyuka.

Wasioijua kazi hiyo nawaeleza kwa ufupi. Barabara za kule hukatwa na matope, na zahanati ya bonde la juu hubaki ikitegemea ndege yetu ya injini moja. Kiwanja chenyewe ni udongo kwenye mteremko. Usiku udongo unaganda na kuwa mgumu kama saruji. Jua likipanda unageuka uji. Ndiyo maana kampuni ina amri: hakuna kutua kule baada ya saa mbili na nusu asubuhi. Rubani anaondoka hapa saa kumi na mbili, anatua, anashusha, anaondoka kabla ardhi haijalainika. Akichelewa, magurudumu yanazama, na ndege inaweza kupinduka kifudifudi.

Kwa sababu ya hayo Kapteni alianzisha desturi yake. Kila alfajiri ya majira hayo, kabla injini haijawashwa, wote tuliogusa ndege husimama kando ya mizani, na kila mmoja husema anachokiogopa siku hiyo. Huanza yeye. Naogopa upepo wa nyuma. Naogopa ile kona ya chini ya kiwanja. Kisha fundi, kisha wapakiaji, kisha karani. Hakuna anayecheka wala anayekemewa, na hofu ikihusu ndege, inashughulikiwa kwanza hata kama tutachelewa. Siku moja Pitchou, mpakiaji wetu, alisema anaogopa mama mkwe wake aliyefika jana yake kutoka Uvira. Kapteni alilipokea jambo hilo kwa uzito wote, akamwambia fundi akague kamba zote alizofunga Pitchou.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, tarehe 17 Septemba 2019, na ndiyo siku ninayotaka kuieleza.

Jumatatu jioni palikuwa na marobota kumi na mawili ya mablanketi ya zahanati. Nilikuwa nimeyapima, nikaandika uzito kwenye karatasi. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuhakikisha yamepandishwa kwenye rafu, kwa kuwa paa la banda linavuja. Mawingu yakakusanyika, nikakimbilia teksi kabla mvua haijanikuta, marobota nikayaacha chini. Ilikuwa mvua ya kwanza ya msimu, na ilinyesha usiku kucha.

Nilifika saa kumi na moja alfajiri. Nikayagusa. Juu yalikuwa makavu, chini yamelowa chapachapa. Blanketi la sufu linakunywa maji jamani, na maji yana uzito. Nilipaswa kuyarudisha kwenye mizani na kusema. Sikusema. Wiki mbili kabla yake Bi. Murielle, meneja wa shughuli, alikuwa amenipa onyo la maandishi kwa kosa jingine, na mwezi huohuo nilihitaji barua ya kampuni ya kupeleka kwenye maombi yangu ya kibali cha kuishi hapa. Bila kazi hakuna barua, bila barua mimi na binti yangu Ummi tungerudishwa Tanga. Pitchou alilalamika kwamba marobota ni mazito, nikamtania kwamba mama mkwe amemnyima usingizi. Ilipofika zamu yangu pale mizani, nilisema sina hofu leo. Kapteni alinitazama kidogo, kisha akapanda.

Ndege ilikimbia mbele karibu kuimaliza njia ndipo ikanyanyuka. Niliiona, nikakimbilia chumba cha redio. Dakika chache baadaye sauti yake ikaja kwenye redio, taratibu kama kawaida yake.

“Mama Ummi, ndege iko nzito. Inakataa kupanda. Uko na kitu cha kuniambia?”

Bi. Murielle alikuwa bado hajafika. Chumbani nilikuwa peke yangu na redio. Nikamjibu kwamba uzito ni ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo. Kuacha marobota chini ulikuwa uzembe, lakini jibu lile nililitoa nikijua. Nilikaa dakika ishirini nikitazama saa ya ukutani. Nilijua kiwanja cha juu ni kifupi, na ndege iliyozidi uzito ingefika mwisho wake bado inakimbia. Mwishowe nikabonyeza kitufe nikasema kwamba mablanketi yamelowa, yote, na kwamba nilijua kabla hajaondoka.

Akasema, “Asante kwa kusema,” akauliza maji ni mengi kiasi gani.

Hakwenda moja kwa moja juu. Alitua kwanza kwenye kiwanja kirefu cha bondeni, akateremsha marobota yote, akayapima kwenye mizani ya duka la mahindi. Yalizidi kwa kilo mia moja na kumi na nne, akayaacha palepale. Akanipigia simu kuniambia kwamba kwa uzito ule pale juu asingesimama. Aliyasema bila kunilaumu.

Sasa ilikuwa saa mbili na dakika kumi, na safari ya kwenda juu ni nusu saa. Amri ilimtaka arudi nyumbani. Lakini kwenye ndege palikuwa na mitungi sita ya oksijeni, na muuguzi wa kule, Dada Nthabeleng, alikuwa ametuarifu tangu jana yake kwamba ana kitoto cha siku tatu kinachopumua kwa mtungi wa mwisho. Kapteni aliniambia anaogopa sana, neno kwa neno. Akasema ile kona ya chini itakuwa imeshalainika, kwa hiyo atajaribu kutua upande wa juu wa kiwanja. Kisha akakata simu akaondoka.

Kule milimani redio yetu haifiki. Saa tatu ikapita kimya. Saa nne kimya. Bi. Murielle alifika, akauliza ndege iko wapi, nikamwambia imepitia bondeni, sikumwambia kwa nini. Pitchou alikuja akasimama mlangoni. Saa tano nilitoka nikatapika nyuma ya banda. Nilimfikiria Mama Jeannine kwenye cherehani yake, hajui lolote, na nilijiona nikibisha hodi kwake. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye jarida la kazini.

Saa saba na robo Dada Nthabeleng akapiga simu. Mawingu yalikuwa yameushika mnara wa simu tangu asubuhi. Ndege ilitua, ikateleza kando, ikazama mpaka nusu ya magurudumu, ikasimama hatua tisa kutoka kwenye korongo. Rubani mzima. Oksijeni imefika. Kitoto kinapumua. Kapteni alilala kule akisubiri udongo ugande tena, na alfajiri wanakijiji wakaichimbua ndege kwa majembe, akaruka akarudi.

Kisha likaja suala la ripoti. Aliiandika mwenyewe, na nikaiona mezani kwa Bi. Murielle: rubani hakuhakikisha uzito wa mzigo, rubani alitua baada ya muda uliowekwa, kosa ni la rubani. Jina langu halikuwemo. Alisimamishwa kuruka miezi mitatu, na cheo cha rubani mkuu, ambacho wote tulijua ni chake, akapewa mwingine. Ndiyo maana anastaafu akiwa bado rubani wa kawaida.

Nilimfuata kwenye maegesho nikamwuliza kwa nini. Alisema karatasi zake yeye zimeshatoka, zangu bado. Akaongeza, “Siku utakuwa tayari, utasema. Mimi sitakuuliza.” Na hakuniuliza. Tumekunywa chai pamoja miaka sita mingine, amekuja kwenye hitma ya baba yangu, amemfundisha Ummi hesabu, na hakuwahi kunikumbusha hata kwa jicho. Alfajiri za mwezi wa tisa alikuwa akisema hofu yake, kisha zamu ikifika kwangu anatazama pembeni, ili nisione aibu.

Kibali changu kilitoka Machi 2021. Tangu siku hiyo sikuwa tena na kisingizio. Ni miaka minne na nusu ya woga mtupu, na sina namna nzuri ya kuieleza.

Wiki iliyopita nilimpelekea Bi. Murielle barua yenye haya yote, nikaomba faili lirekebishwe. Aliisoma mara mbili, akasema tutazungumza baada ya sherehe. Sijui nitaambiwa nini. Mhariri alishauri sehemu hii iondolewe, nikakataa, na nimeomba niisome mwenyewe bandani Ijumaa, mbele ya wapakiaji, mafundi na marubani vijana. Kapteni hajui. Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kusoma kwa sauti jikoni, na kila nikifika kwenye lile jibu la redio narudi mwanzo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Kapteni, ahsante kwa miaka ishirini na saba. Ahsante kwa dawa ulizofikisha na kwa kila siku uliyogeuza ndege ukarudi, tukakuchukia kwa kazi ya kupakua upya. Wewe na Mama Jeannine Mungu awape afya, usingizi wa asubuhi na nyumba yenye ngazi za kawaida. Tunakuombea uyafurahie haya uliyoyapata kwa jasho.

Na kwa niaba yangu mwenyewe: uliniuliza kama nina kitu cha kukuambia, nikasema sina. Nilikuwa nacho. Kosa lilikuwa langu, Kapteni, si lako, na sasa kila mtu humu ndani amesikia.

Zuhura Mhina
Karani wa Mizigo