Msamaha Ulio Chini ya Ukurasa

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Clifford nasoma habari za maisha ya dada yangu, mtu ambaye angenisahihisha kabla sijamaliza sentensi hii.

Marehemu Marjorie Thwaite alizaliwa Kendal tarehe 9 Machi 1941, akasoma shule hapo hapo, akahitimu chuo kikuu mjini Leeds mwaka 1963, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 6 Agosti 1966 aliolewa na Desmond, daktari wa meno, aliyetutangulia mwaka 1998, wakajaliwa mtoto mmoja, Hilary.

Kazi ya maisha yake ilikuwa kuhariri tamthilia moja ya kale ya tanzia, isiyojulikana mwandishi wake, iliyobaki katika chapa mbili zisizolingana, na nyumbani kwao kurasa zilisahihishwa kwa sauti, Hilary akisoma kila neno na kutaja kila koma, mama yake akifuatisha kwa kidole kwenye chapa ya kale. Mwaka 1989 Hilary aliacha chuo ili aolewe, Marjorie akanuna, na walipofika kifo cha malkia wa tamthilia hiyo, Hilary akakuta mama yake ameyashusha maneno ya malkia ya kumsamehe bintiye chini ya ukurasa, kama tanbihi, kwa herufi ndogo.

“Mama, hata mtoto wa kwenye tamthilia unamnyima msamaha?” aliuliza, akajibiwa, “Waigizaji ndio walioyachomeka baadaye, mimi nafuata ushahidi,” naye Hilary akaweka karatasi mezani, akahamia Aberdeen, Uskoti, zikabaki kadi za Krismasi tu, jambo lililotuuma sote.

Oktoba iliyopita Marjorie aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akaendelea kuandaa toleo jipya kitandani, mimi nikimsomea. Tulipofika kwenye maneno yale ya malkia nilimsihi, “Yapandishe, dada, nani atakulaumu?” akasema, “Clifford, usinifanye mwongo nikiwa nakufa. Kitabuni yabaki chini. Lakini mazishi hayana mhariri, mwambie Hilary ayasome.” Alifariki tarehe 11 Februari, treni ya Hilary ikiwa bado haijatoka Uskoti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu Bibi Entwistle kwa supu zake za njegere, na walimu wenzake waliobishana naye bila kumkosea adabu.

Hilary, njoo mbele, ukurasa ni huu, maandishi ni madogo, miwani ya mama yako ninayo hapa, soma taratibu, na kila koma uitaje. Dada yangu, sikiliza kwanza, kisha upumzike kwa amani.