Daktari wa Mawazo wa Kambove

Ndani ya basi la kutoka Kambove, Mama Feza alimwelezea jirani yake wa kiti, mzee Yuma, shida ya safari yake. Alikuwa anamtafutia mume wake daktari wa mawazo, yule wanayemwita psychologue. Tangu mwamba uwafunike wenzake mgodini, mume huyo halali, anaita majina ya wafu.

"Si kampuni iko na psychologue wake kule kwenu?" Yuma akauliza.

"Tulienda, papa. Alimupa vibao vya rangi avipange. Bwana yangu akapanga mbio, akaandikwa anafaa kazi. Juma ijayo anarudia chini mgodini."

"Ule iko wa kuchagua bantu ba kazi, mama. Si bwana yako angepanga mubaya?"

"Na nyumba ya kampuni batunyanganye? Tutalala wapi na batoto?"

Yuma akaguna. Wakubwa wanajua kupima mikono. Wa kumsikiliza mtu hawajamwajiri. Mke wake mwenyewe, baada ya kuzika mtoto, aliacha kula. Hospitalini wakapima damu, wakasema ni nzuri. Akazikwa na damu yake nzuri.

Basi likasimama Lubumbashi. Feza akainuka na kifurushi chake. "Papa, ule wa kweli anakaa wapi?"

"Sijui, mama," Yuma akasema. "Mimi hata hawakuniambia kama daktari wa vile iko."