Mwenye Ufunguo Hukojoa Kwanza

Sikieni, wanangu, na wewe Lamar zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo inatosha kusema mara moja tu. Yolanda, niinulie mto. Chuy, msimamizi wangu, simama hapo mlangoni, na wakazi wote wasimame nyuma yako wasikie, kwa kuwa jambo la nyumba hii ya wanaoacha ulevi halijawahi kuamuliwa kwa kunong'onezana, na sitaanza leo eti kwa sababu nakufa.

Yule bwana wa suti ya kijivu bado yumo ndani ya gari lake huko nje, anangoja nitie saini mkataba wake. Mwacheni angoje. Lamar, wewe ndiwe uliyemleta, ukaniambia kwa ile sauti yako ya upole, "Mama, kliniki yao inalipa vizuri. Sisi tunawapelekea wakazi tu, kila kichwa na malipo yake, basi." Ng'ombe ndio huhesabiwa vichwa, mwanangu. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema, na mgema wa siku hizi hapandi mti, anavaa suti, anataka mkojo wa watu aupime ulevi kila kukicha, na kila kipimo aidai bima ya afya pesa, na mtu akirudia ulevi yeye anafurahi, kwa sababu anaanza kumla upya.

Nazijua nyumba za namna hiyo, nimelala humo. Ninyi mlikuwa kwa shangazi yenu Ernestine, mimi nilikuwa kwa mzee mmoja aliyejiita Mchungaji Deloach, aliyetulaza gereji kama viazi, akatunyang'anya kadi zetu za chakula za serikali, na kila Jumatatu akatupanga mstari tutoe mkojo kikombeni upimwe ulevi, naye mwenyewe ananuka pombe. Siku moja nikamuuliza, "Na kikombe chako kiko wapi, Mchungaji?" Akanijibu, "Mimi ndiye mwenye nyumba, bibi, usinizoee." Jioni hiyo godoro langu lilikuwa barabarani, na mvua inanyesha. Nikaapa palepale, nimekaa juu ya lile godoro, kwamba Mungu akinipa mlango wangu, mwenye ufunguo atakojoa kwanza.

Akanipa. Baba yenu aliangukiwa na kontena bandarini, na fidia yake ndiyo kuta hizi. Tangu siku nilipofungua, kila Jumatatu kabla ya kahawa, kikombe cha kwanza ni changu, halafu cha msimamizi, ndipo cha mkazi. Kanisani walinicheka, wakaniita Mama Kojo, na Bi Pruitt wa jirani akazunguka mtaa mzima akikusanya sahihi ili halmashauri inifunge. Leo mjukuu wake analala chumba cha juu, ni mzima, na kila Jumapili bibi huyohuyo anatuletea mkate wa mahindi, mgumu kama tofali. Tunaula. Sijamsamehe, lakini tunaula.

Sasa mmesikia Jumatatu hii kikombe changu kilisema nini. Kilisema morfini, hii dawa yangu ya maumivu. Chuy akanijia na uso umemshuka, "Mama Verlene, hiki tukimwage. Wewe ni mgonjwa, nani atauliza?" Nikamwambia asome kwa sauti, mbele ya wote, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kifo nimeshaonana nacho, hakina la kuniumbua. Wakazi wakakaa kikao. Wakaamua kama tunavyoamua kwa yeyote: dawa ya daktari si dhambi, lakini haikai mkononi mwa mgonjwa, inakaa kwenye kisanduku cha kufuli, na mwingine ndiye anayeitoa. Basi mjukuu wa Bi Pruitt ndiye anayenipa, ananikazia macho mpaka nimeze, na hata nikilia kwa maumivu haongezi tone. Nililia jana. Hakuongeza. Nilijivunia yule mtoto kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote nilichonunua.

Kwa hiyo msije mkanifanya marehemu mtakatifu halafu mkaigeuza nyumba kuwa ghala. Chumba ni cha watu wawili, hata akija wa tatu analia. Kadi ya mtu ya chakula ni ya mtu. Msimfanye mkazi akakate majani kwenu kwa kuwa hana pa kwenda, na msimtongoze, kwa sababu hiyohiyo. Ile dawa ya kupuliza puani ya kumrudisha aliyezidiwa na dawa za kulevya ikae jikoni karibu na chumvi, kila mkono uifikie. Na mtu akianguka tena ulevini, naye ataanguka, msimtupe barabarani na mifuko yake usiku. Mtieni kwenye gari, mpelekeni hospitali, mkae naye mpaka ahudumiwe, na kitanda chake kikao kitaamua. Akitokea mtu wa kuwaambia huo ni ujinga wa biashara, mwambieni ndiyo, mama yetu alikuwa mjinga, na waliolala kwake wako hai.

Yolanda, binti yangu. Hujawahi kuonja hata bia, namshukuru Mungu, lakini hawa watu unawaita "hao". Nimekusikia. Ukitaka ufunguo, jifunze majina yao. Vikombe viko hapo mezani, kavu, vipya. Atakayekuwa na ufunguo atatoa chake leo, mbele ya wakazi. Mkikataa wote wawili, mwanasheria ana maneno yangu: nyumba inabaki mikononi mwa wakazi wenyewe, nanyi mtakuja kama wageni.

Umekichukua, Yolanda? Vizuri. Nenda, mwanangu. Usikunje uso.

Lamar.

Huko siko, Lamar. Huo ni mlango wa nje.

Mama yako alikuwa mlevi kabla hujaota meno, unadhani utamficha nini? Uliumia mgongo kule ghalani, daktari akakupa vidonge, mgongo ukapona, vidonge havikuisha. Tangu Krismasi naona unavyojikuna, naona unavyosinzia na uma mkononi. Yule bwana hukumleta kwa ajili ya nyumba. Umemleta kwa mama yako kwa sababu una njaa ya vile vidonge, navyo vinataka pesa, na njaa haina adabu. Sijakasirika. Nakupenda, na nimekasirika, basi, yote mawili.

Nisikilize, nakwisha. Kikombe chako kikisema ninachojua kitasema, ufunguo si wako. Lakini kitanda ni chako. Kile cha dirishani. Wamepiga kura asubuhi, hata Ruiz, yule mkazi uliyemwita panya, amekunyooshea mkono. Chuy ametandika shuka.

Umerudi, Yolanda... mwambie yule bwana aondoe gari lake.

Haya. Mungu awashike, wanangu... awashike mkono mnaoukunja ngumi. Walioanguka awainue, waliosimama awape... awape haya. Msinililie kwa pombe.

Umekichukua kikombe, Lamar? Sioni vizuri... Amekichukua, Chuy?

Nenda naye. Simama mlangoni... umpe mgongo kidogo. Asione aibu.